Lami Iliyotibu Ngozi

Mtu wa mwambao atajiwapo lami hukumbuka barabara nyeusi iliyolainika kwa jua la adhuhuri, na watoto wanaoivuka mbiombio kwa ncha za vidole kuepuka harara yake. Ni nadra kumpitikia kuwa kitu hicho, au jamaa yake wa karibu, kimepata kupakwa juu ya ngozi ya mgonjwa kwa amri ya tabibu, kikaachwa mchana kutwa na usiku kucha, naye akapata nafuu.

Lami niikusudiayo hapa ni ile itokayo katika makaa ya mawe, na nasaba yake yaanza na taa. Mwaka 1792 William Murdoch, fundi wa mitambo kutoka Uskoti, aliiangaza nyumba yake mjini Redruth, Uingereza, kwa gesi aliyoipata kwa kuyapasha moto makaa katika chombo kilichozibwa hewa isiingie; na mwaka 1812 kampuni ya kuuza gesi hiyo ikapewa hati ya kifalme mjini London. Gesi ilikwenda kwenye taa, makaa yaliyosalia yakauzwa kuwa kuni za matanuri, na kwenye mitambo kukabaki uji mweusi, mzito, wenye harufu kali, ambao wenye viwanda hawakujua wautupe wapi. Heshima yake ilizidi mwaka 1856, pale William Perkin, kijana wa miaka 18, alipotaka kutengeneza kwinini kutokana na mazao ya lami hiyo, akakosa dawa aliyoitafuta na akapata rangi ya zambarau iliyomtajirisha.

Matabibu nao hawakuchelewa kuuchovya mkono katika uji ule, na aliyeutengenezea utaratibu mashuhuri ni William Goeckerman wa Mayo Clinic, mjini Rochester, Marekani, aliyetangaza njia yake mwaka 1925. Mgonjwa wa soriasisi, maradhi ya mabaka mekundu yenye magamba meupe, alipakwa marhamu ya lami ghafi ikakaa mwilini saa nyingi. Kisha ikapanguswa kwa mafuta ya zeituni mpaka ukabaki utando mwembamba, ndipo akawekwa mbele ya taa ya miale ya urujuanimno, na siku ya pili kazi ikaanza upya. Shuka zilichafuka na nguo zikashika harufu isiyotoka kwa sabuni, walakini baada ya majuma machache magamba yalipukutika na ngozi ikarejea ulaini wake, na kwa ajili hiyo wagonjwa waliistahimili adha yote.

Na adha haikuwa ya harufu peke yake, kwani lami ilikuwa imekwisha kushitakiwa kwa kosa kubwa. Tangu mwaka 1775 Percivall Pott, mpasuaji wa London, alikuwa amebainisha kuwa saratani iliyowapata wasafisha dohani ilitokana na masizi; na mwaka 1915 Yamagiwa na Ichikawa, wa Tokyo, walitoa habari za sungura waliopakwa lami ya makaa masikioni, mara kwa mara kwa miezi mingi, hata wakaota saratani. Hivyo tabibu aliyeichota marhamu ile aliushika mkononi mwake ushahidi wa mambo mawili yaliyopingana, kwamba yaponya na kwamba yaweza kudhuru, wala hakuwa na elimu ya kumwonyesha inapita mlango gani.

Mlango huo ulianza kuonekana mwaka 1976, na haukutafutwa kwa ajili ya dawa, bali kwa ajili ya sumu. Mwaka huo Alan Poland na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kuwa ndani ya ini la panya mna kitu kinachoikamata sumu iitwayo dioksini kama kitasa kipokeavyo ufunguo, nacho leo chaitwa kipokezi cha AHR. Na mwaka huo huo, tarehe 10 Julai, wingu la dioksini lilitoka katika kiwanda karibu na Seveso, Italia, na watoto wa mahali pale wakatokwa na chunusi za kutisha. Ilidhihirika kuwa ngozi hukisikiliza mno kipokezi hicho.

Ili tufahamu hukisikiliza kwa jambo gani, yatupasa kuitazama ngozi kwa karibu. Tabaka lake la juu ni ukuta wa chembe zilizokufa, na miongoni mwa protini ziutengenezao imo filagrini, ambayo kwanza huzifunga nyuzi za keratini pamoja kama kamba ifungavyo makuti, kisha huvunjika yenyewe ikawa vijenzi vidogo vihifadhivyo unyevu. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, walithibitisha kuwa kasoro katika jeni ya filagrini ndiyo chanzo cha ukavu wa kurithi ufanyao ngozi kuwa na magamba mithili ya samaki, na kuwa kasoro hiyo humweka mtu karibu na ukurutu.

Hapo ndipo hadithi zile mbili zilipokutana. Mwaka 2013 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walieleza kuwa lami ya makaa hukiamsha kipokezi cha AHR katika chembe za ngozi, nacho huziamrisha zitengeneze protini za ukuta, hata filagrini ikarejea kwa ukamilifu katika ngozi ya wenye ukurutu. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Waholanzi walikuwa wamechunguza habari za wagonjwa zaidi ya 13,000 wa soriasisi na ukurutu, wasione saratani kuzidi kwa waliotibiwa kwa lami.

Mwaka 2022 Marekani iliruhusu marhamu nyeupe ya tapinarofu, dawa isiyo na harufu ya lami, ambayo asili yake ni kiini kitolewacho na bakteria waishio pamoja na minyoo wauao wadudu. Nayo huingia kwa mlango ule ule wa AHR, ambao wauguzi wa zamani, kwa mikono iliyoparamiwa na weusi, waliubisha kila asubuhi bila kujua jina lake.