Nani Kasema Rekoda Haina Pumzi?

Madai yenyewe yamekaririwa mpaka yamekuwa kama tasbihi: rekoda, ile filimbi ya mbao inayopulizwa kwa ncha, iliachwa na wanamuziki wa Ulaya katikati ya karne ya 18 kwa sababu haikuweza kuvumisha sauti wala kuinyamazisha polepole. Filimbi ya kulazwa, ile inayopulizwa kwa ubavu, iliyaweza hayo, basi ikarithi nafasi. Dai hilo lina chembe ya ukweli wa kifizikia. Mpiga rekoda hana la kufanya kwa midomo yake, kwani pumzi hupita kwenye mfereji mwembamba uliochongwa juu ya kizibo, ikaenda kukatwa na ukingo wa tundu la juu. Akipuliza kwa nguvu, sauti hukua, lakini noti nayo hupanda isipotakiwa. Akipunguza pumzi, noti hulegea na kushuka. Wenye dai wanaishia hapo, wakaiandikia rekoda cheti cha kifo.

Wangeisoma Fontegara wasingeiandikia haraka hivyo. Kitabu hicho kilichapishwa Venice mwaka 1535, na mtungaji wake, Silvestro Ganassi, alikuwa mpuliza ala katika utumishi wa Doge, mtawala wa jamhuri hiyo. Mara nyingi hutajwa kama ghala la mapambo, na ni kweli kurasa zake nyingi zinaonyesha namna ya kuivunja noti ndefu iwe mfululizo wa noti fupi. Uzito wake kwa kesi yetu, hata hivyo, umo katika sura za mwanzo ambazo msomaji mwenye haraka huzipita. Ganassi anaanza na sauti ya binadamu. Hiyo ndiyo mwalimu wa ala zote, na kama mchoraji anavyoyaiga maumbile kwa rangi, ndivyo mpigaji anavyopaswa kuiiga sauti hiyo. Ungedhani ni maneno ya kupamba dibaji, lakini mara moja anaingia kwenye ufundi: pumzi ya kawaida iwe ya wastani, ili pabaki nafasi ya kuongeza na ya kupunguza, na pumzi inapobadilika, vidole viirekebishe noti. Kwa maneno mengine, kasoro ile ile inayotolewa leo kama hukumu ya mwisho ilijulikana mwaka 1535, na dawa yake ilishafundishwa. Kisha kuna ulimi. Anapanga silabi za kutamka ndani ya filimbi, kuanzia te-ke iliyo kali, kupitia te-re iliyo ya kati, hadi le-re iliyo laini. Anadai pia kwamba juu ya noti 13 zilizozoeleka ameongeza nyingine 7. Chombo kinachoandikiwa mambo ya namna hii si cha wachungaji kupitishia wakati.

Yapo mapingamizi mawili ya kujibiwa. La kwanza ni kwamba Ganassi alikuwa bingwa, na bingwa mmoja si ushahidi wa wengi. Pingamizi hili linastahili subira, maana yeye mwenyewe anakiri kwamba filimbi za mafundi mbalimbali zilidai vidole tofauti, na noti zake za juu hazitoki katika kila rekoda ya zama hizo iliyobaki. Lakini aliandika kitabu cha kufundishia, na kitabu cha kufundishia huandikwa kwa kutarajia wanafunzi. Wala Venice haikuwa peke yake: ndugu wa ukoo wa Bassano walitoka huko wakaajiriwa katika jumba la kifalme la Uingereza, na orodha ya mali ya Henry VIII iliyoandikwa baada ya kifo chake mwaka 1547 ina rekoda 76. Hakuna mfalme anayekusanya 76 za kitu kisicho na faida.

Pingamizi la pili huulizwa kwa kejeli: kama iliweza, mbona iliachwa? Jibu linapatikana katika ukubwa wa kumbi. Muziki ulipotoka vyumbani na kuhamia kwenye hadhara za walipa kiingilio, na okestra zikaongezeka, kilichohitajika kilikuwa ukubwa wa sauti, jambo ambalo ni tofauti kabisa na uwezo wa kuipandisha na kuishusha. Tena waungwana walishaanza kuifuata filimbi ya kulazwa kama mtindo. Mpuliza filimbi Mfaransa, Hotteterre, katika kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1707, anaiweka mbele na rekoda nyuma yake. Bach, Telemann na Vivaldi bado waliitungia rekoda, na kazi zao zinafahamika vya kutosha.

Sifa mbaya iliyobaki leo ni ya karne ya 20. Arnold Dolmetsch aliirudisha rekoda Uingereza kwa heshima, akitengeneza nakala za ala za kale. Kisha Ujerumani, fundi wa ala Peter Harlan akaeneza mpangilio wa matundu uliorahisisha noti moja kwa anayeanza na kuziharibu nyingine kwa anayeendelea. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja plastiki, bei ikashuka, madarasa yakajaa. Watoto wengi, wakiwemo wa shule za Kenya, huishika wakiwa wameonyeshwa vidole tu. Pumzi na ulimi havitajwi. Kelele inayotoka hapo inasikika kama ushahidi dhidi ya chombo, ilhali ni ushahidi dhidi ya somo. Mwalimu anayeshika rekoda muhula ujao na aanze na te-re na le-re, kabla hata ya noti ya kwanza.