Ukiunguzwa na mawese kazini

Wanaotengeneza mawese mkoani Kigoma huchemsha chikichi, huzikamua, kisha huyarudisha mafuta motoni ili kukausha maji. Hatua hiyo ya mwisho ni ya hatari. Maji huchemka kwa nyuzi joto 100, lakini mafuta hupata joto zaidi ya hapo, tena hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza.

Yakikumwagikia, sogea mbali na moto. Vua nguo iliyolowa mafuta, pete na bangili. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiibandue. Mwagia jeraha maji safi ya kawaida, si ya barafu, kwa dakika 20, hata kama bodaboda imeshafika. Kasulu na Kibondo kuna baridi, hivyo jifunike sehemu nyingine za mwili. Usipake dawa ya meno, asali, unga wala yai. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kanga safi.

Wahi kituo cha afya ikiwa jeraha linazidi kiganja chako, liko usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, au ngozi imekuwa nyeupe na haiumi. Ulizia chanjo ya pepopunda.

Kila siku, kabla ya kuwasha moto, weka ndoo za maji safi karibu.