Dhoruba za Vuli: Nani Huambiwa Ziwani?

Meli ya Bukoba huondoka Mwanza saa 3 usiku na kufika kumepambazuka. Ratiba hiyo humfaa abiria, maana analala njiani na kuamkia nyumbani. Bahati mbaya, radi na upepo wa Ziwa Victoria navyo hupenda usiku, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ni mojawapo ya misimu yake mikali. Ndio msimu huohuo ambao watu wa Kagera waliotawanyika nchini hufungasha kwenda kula Krismasi kwao.

Huku hakuna theluji ya kufunga barabara na viwanja vya ndege, kama inavyotokea Marekani Desemba ikifika. Kuna maji, kilomita za mraba zipatazo 68,800, na maji hayo hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, hivyo upepo huvuma kuelekea bara na mvua huangukia vilima. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na uvuguvugu, na hewa ya kila upande wa ufuko inamiminika ziwani, inakutana katikati na kupaa. Hapo ndipo mawingu ya radi yanapozaliwa. Pepo za mashariki huyasukuma magharibi, na ndiyo maana Bukoba hupata mvua karibu mara mbili ya ile ya Mwanza kwa mwaka.

Wakazi wa ufuko waliujua ukali huo zamani sana. Kwa Wahaya, ziwa lilikuwa milki ya Mugasha, mwenye maji, mvua na tufani. Waganda walimwita Mukasa na kumpa makao katika visiwa vya Ssese. Aliyetaka kuvuka alitoa sadaka kwanza. Lakini imani haikuzuia akili: wapiga kasia waliambaa ufuko, rasi hadi rasi, na kulikwepa ziwa kuu kila ilipowezekana. Henry Morton Stanley alipoondoka Kageyi, karibu na Mwanza, Machi 1875 kulizunguka ziwa kwa mashua yake Lady Alice, naye aliambaa ufuko vivyo hivyo.

Wakati huo, kwenye maziwa makubwa ya Marekani ya Kaskazini, onyo la dhoruba lilikuwa tayari ni kazi ya serikali. Increase Lapham, mwanasayansi wa Milwaukee, alikuwa amekusanya orodha ya meli zilizoangamia na kuipeleka kwa wabunge, akidai kuwa telegrafu inaweza kukimbia mbele ya tufani. Februari 1870 Rais Ulysses Grant aliidhinisha huduma hiyo, na Novemba 8 mwaka huohuo Lapham akatoa onyo la kwanza kwa ajili ya maziwa hayo. Kilichomsukuma kilikuwa mali na roho za wenye meli. Ziwa Victoria lingesubiri zaidi ya karne moja kabla onyo halijamfikia mtu wa mtumbwi.

Meli za chuma zilitangulia. William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka Scotland, ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900. Zikafuata nyingine kadhaa, zikiiunganisha Mwanza ya Wajerumani na reli ya Waingereza. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikaifikia Mwanza, na mwaka uliofuata ikaundwa huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki chini ya Waingereza. Huduma hiyo ilikuwa na wateja wake: mashamba makubwa, ndege na meli za serikali. Mvuvi wa kisiwa cha Ukara hakuwemo.

Tangu hapo safari ya sikukuu ikapata sura ambayo wazee wa Bukoba bado wanaikumbuka. Mtu alipanda treni Dar es Salaam, akavuka Dodoma na Tabora, akashuka Mwanza na kukimbilia tiketi ya meli. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 meli yenyewe ilikuwa Victoria, iliyojengwa Scotland na kuunganishwa Kisumu. Waliokwenda walibeba vitenge, sukari na zawadi za wajukuu. Waliorudi Januari walibeba mikungu ya ndizi, kahawa ya kutafuna na senene waliokaangwa. Senene huja na mvua za Novemba, zilezile zinazolichafua ziwa. Utamu na hatari vilikuja kwa mvua moja.

Juu ya Victoria, abiria alitapika, akasali, akafika. Ndani ya meli kubwa, dhoruba ilikuwa usumbufu zaidi kuliko kifo. Hata misiba miwili mikubwa ambayo Watanzania wanaitaja wakitaja ziwa hili haikuletwa na tufani. MV Bukoba ilizama asubuhi ya Mei 21, 1996, ikikaribia Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakafa. Ilikuwa meli yenye historia ya kuyumba, iliyosajiliwa kubeba abiria 430. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018, hatua chache kabla ya gati la Bwisya, Ukara, siku ya gulio na mchana kweupe. Walikufa watu 228 katika kivuko cha kubeba watu 101. Mizigo na uzembe ndivyo vilivyoua, na hakuna rada inayotabiri uzembe.

Dhoruba huua kwingine, na huua kimyakimya.

Nenda Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, alasiri moja ya Desemba. Boti ya mbao imelazwa ubavu kwa ubavu na wenzake, injini moja nyuma, dumu la petroli pembeni, na dumu jingine lililokatwa mdomo kwa ajili ya kuteka maji. Kreti za soda za sikukuu zinaingia kwanza, halafu magunia ya unga, halafu mabati, halafu watu wakikalia vyote hivyo. Majaketi okozi machache yamefungwa kamba chini ya turubai yasilowe. Nahodha anatazama angani, anatazama simu, anatazama abiria wangapi wamebaki. Mara nyingi hicho cha tatu ndicho kinachoamua. Katika boti kama hiyo, na katika mitumbwi ya dagaa inayowasha taa zake katikati ya ziwa usiku, upepo wa dakika 20 unatosha. Makadirio yanayonukuliwa mara kwa mara huweka vifo vya ziwa zima kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka, wengi wao wavuvi. Hufa wawili hapa, wanne kule, na hakuna anayetangaza maombolezo ya taifa.

Onyo la mtu wa mtumbwi ni jambo la juzi. Mwaka 2011 Uganda ilijaribu kuwatumia wavuvi wa visiwa vya Kalangala utabiri kwa ujumbe wa simu. Mwaka 2016 Wim Thiery, mtafiti kutoka Ubelgiji, na wenzake walionyesha kuwa ukali wa radi za usiku ziwani unaweza kukisiwa kutokana na dhoruba za alasiri nchi kavu. Maana yake, onyo linaweza kutoka kabla mitumbwi haijasukumwa majini. Mwaka 2017 ukaanza mradi wa HIGHWAY, ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, ukaunganisha watabiri wa nchi zinazolizunguka ziwa. Rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania iliyopo Mwanza ikawa jicho lao upande wa kusini. Utabiri ukaanza kusomwa redioni kwa lugha ya mwalo: upepo unatoka wapi, mawimbi yatakuwa makubwa kiasi gani, saa ngapi. Tathmini ya mradi ilikadiria kuwa zaidi ya watu 300 kwa mwaka wanaokolewa.

Hata hivyo, hali mbaya ya hewa haichagui mtumbwi peke yake. Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam, yenye watu 43, iliangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika mvua na mawingu. Watu 19 walikufa na 24 wakapona. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu walewale walioachwa nje ya huduma ya hali ya hewa kwa miongo mingi ndio waliowatoa majini abiria wa ndege.

Leo anayekwenda Bukoba kula sikukuu ana njia nyingi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na basi halisubiri tena kivuko. Victoria imekarabatiwa na kurudi safarini tangu 2020, na MV Mwanza, yenye nafasi ya abiria 1,200, ilishushwa majini Februari 2023. Lakini hakuna daraja la kwenda visiwa vya Ukara, Goziba wala Maisome. Wengi wa huko wataendelea kusafiri kwa boti ya mbao, usiku na mchana, Desemba hii na zijazo.

Rada ipo, watabiri wapo, na angalizo hutolewa bure. Kilichobaki ni kulifikisha pale nauli inapolipwa: ubao wa utabiri wa siku kila mwalo, na kiongozi wa mwalo mwenye mamlaka ya kuizuia boti isiondoke. Mpaka hilo lifanyike, ewe abiria wa visiwani, muulize nahodha utabiri wa usiku huo unasemaje kabla hujampa nauli yako. Akikosa jibu, subiri boti ya kesho.