Maulidi ya Lamu na Mlango wa Elimu

Miji iliyo kando ya maji, aghalabu, huwa na mlezi wake wa kiroho. Hapa kwetu Gisenyi, parokia ya Wakatoliki imewekwa chini ya Bikira Maria, Nyota ya Bahari, ingawa maji tunayoyatazama ni ya Ziwa Kivu. Katika miji ya Waislamu wa Uswahilini mlezi wa namna hiyo huitwa walii, na sikukuu yake huambatana na Maulidi, yaani ukumbusho wa kuzaliwa kwa Mtume. Maulidi yenye sifa kubwa kupita zote katika Afrika ya Mashariki ni yale ya Lamu, nchini Kenya, na walii wake ni Habib Swaleh. Sisi walimu wa Kiswahili yatupasa kuijua historia yake, kwa kuwa asili yake ni darasa.

Sayyid Swaleh bin Alawi Jamalullail alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, katika ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Alifika Lamu angali kijana, akasoma kwa wanazuoni wa huko, akajulikana pia kwa uganga wa maradhi. Mji wa Lamu wakati huo ulikuwa umegawanyika. Upande wa kaskazini, Mkomani, walikaa waungwana katika majumba ya mawe. Upande wa kusini, Langoni, walikaa wageni, mafundi na watu wa hali ya chini katika nyumba za makuti. Elimu ya juu ya dini ilikuwa mikononi mwa koo kubwa, na mtumwa hakutarajiwa kujua zaidi ya yale yaliyomlazimu katika ibada. Ikumbukwe kwamba hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907.

Habib Swaleh aliwafundisha watu hao hao waliowekwa kando. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukasimama msikiti wake huko Langoni, ukaitwa Riyadha, maana yake mabustani, kwa kufuata jina la msikiti wa Seiwun, Hadhramaut, wa Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi. Kutoka kwa mwanachuoni huyo ndiko yalikotoka pia maulidi ya Simtuduraar, yanayosomwa kwa matari. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Wakubwa wa mji, waliozoea kusoma Barzanji kwa utulivu, waliona kupiga ngoma msikitini ni kuivunjia dini heshima. Lakini kilichowaudhi hakikuwa sauti ya matari peke yake. Ngoma ilikuwa mali ya wanyonge, na kuiingiza msikitini kulikuwa sawa na kuwaingiza wenyewe, wakae safu moja na waungwana.

Miaka ilipita, na msikiti uliopingwa ukawa fahari ya mji mzima. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935; wanawe na wajukuu wakaiendeleza Riyadha, na wanafunzi wake wakaeneza usomaji ule katika miji mingine ya pwani.

Desturi za sikukuu ni hizi. Katika juma la mwisho la Mfungo Sita wageni humiminika kwa vyombo kutoka miji ya pwani, visiwani na bara, nao hupokewa majumbani. Nje ya Riyadha hupigwa ngoma za wanaume wenye bakora, wakijipanga safu safu. Usiku wa kuamkia Ijumaa husomwa maulidi makuu, matari yakiitikia qasida. Ijumaa watu huzuru kaburi la Habib Swaleh, wakamwombea, kisha hutoka zefe: wazee, vijana na watoto wa vyuoni, wakipita mjini hadi Riyadha.

Siku hizi yameongezwa mashindano ya punda, ya majahazi, ya kuogelea na ya bao, na tangu mwaka 2001 mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Michezo si vibaya. Huwafurahisha vijana, na mwenye punda hupata siku yake ya sifa. Lakini mtazamaji anayerudi kwao na habari za punda tu ameikosa maana ya sikukuu. Punda hawakuujenga Riyadha. Uliujengwa na mwalimu mgeni pamoja na wanafunzi waliokataliwa.

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wa Rwanda tunaweza kuielewa methali hii vizuri. Katika enzi ya ukoloni jina la Mswahili lilitumika hapa kumtenga Mwislamu na mgeni wa mjini, na lugha yake ikahesabiwa kuwa ya sokoni na ya kambini. Mwaka 2017 lugha hiyo ilifanywa mojawapo ya lugha rasmi za nchi. Hata hivyo sheria hufungua mlango tu. Anayemwita mtoto aingie ni mwalimu. Mtoto wa mchukuzi wa mizigo mpakani na mtoto wa mkubwa wa ofisi wakae safu moja mbele ya ubao wetu. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumeyasoma Maulidi ya Lamu kwa namna yetu, hata wale kati yetu wasio wa dini hiyo.