Juma na Kitaru Chini ya Mbuyu

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, alitupatia Kinjeketile, tamthilia ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Ndani yake makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa jicho baya yaungana mbele ya Mjerumani. Miaka miwili baadaye ikachapishwa Mashetani. Humo Mjerumani hayumo wala Mwingereza hayumo, na hapo ndipo penye ugumu wake, kwani adui wa nje akisha kuondoka watu hubaki wakitazamana wao kwa wao.

Vijana wawili, Juma na Kitaru, ni marafiki na ni wasomi. Chini ya mbuyu wanacheza mchezo wa Shetani na Binadamu, na mchezo huo wamvuruga Kitaru hata akaugua. Nyumbani kwa Juma yuko Bibi, mtu wa ukoo uliokuwa na mali na heshima, ambaye hasahau kilichopotea wala hapendi mjukuu wake asahau. Nyumbani kwa Kitaru baba ndiye kwanza anapanda ngazi ya utajiri. Basi kila kijana aendapo kwa mwenzake hubeba nyumba yake mgongoni.

Wahakiki wengi wameihusisha tamthilia hii na Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964, nasi twaona wamefanya haki. Tukumbuke yaliyotangulia. Kuanzia uchaguzi wa 1957, katika kile ambacho Wazanzibari wenyewe hukiita zama za siasa, jirani alisusia duka la jirani yake, wakulima wakafukuzwa mashambani, watu wakaacha kuzikana na kualikana arusini. Mtu aliulizwa kwanza ni wa Hizbu au wa Afro-Shirazi, na nyuma ya swali hilo palikuwa na jingine: ni Mwarabu, ni Mshirazi, ama ni wa Bara? Katika ghasia za Juni 1961 watu 68 waliuawa. Hayo hayakuwa mambo ya vyama tu. Yaliingia jikoni na vyumbani, maana Unguja na Pemba damu zilikwisha changanyika karne nyingi, na mtu mmoja aliweza kuwa na wajomba upande huu na ami zake upande ule.

Hapa twapenda kutofautiana kidogo na walimu wenzetu. Katika miaka baada ya Azimio la Arusha la 1967 ilikuwa desturi kuifasiri Mashetani kwa tabaka peke yake: Bibi ni ukabaila, baba yake Kitaru ni ubepari mchanga, basi mjadala umekwisha. Tafsiri hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Bibi halii mali tu. Analilia kuwa mtu wa aina fulani, na hawezi kumwona Kitaru bila kuona waliochukua nafasi ya watu wake. Mali na damu vimekwenda pamoja hata mwenyewe hajui amlaumu nani kwa lipi.

Mwanafunzi wa Muyama aweza kuuliza: mambo ya pwani yatuhusu nini sisi wa nyanda za juu za Kigoma? Yatuhusu sana. Buha ilikuwa na wami na watawala wa Kitusi, na ilikuwa na ubugabire: mwenye ng'ombe humpa mwenzake ng'ombe, naye mpokeaji humpa utumishi na utii. Wazee walitembeleana, wakanyweshana pombe, wakaitana kwa upendo. Lakini ulikuwa urafiki wenye deni ndani yake. Wazungu walipofika wakaongeza elimu yao ya uongo, kwamba Mtusi ni mtawala kwa maumbile ya pua na kimo. Jirani zetu wa Rwanda waliandikiwa hayo katika vitambulisho na Wabelgiji miaka ya 1930. Kwetu Wabelgiji walikaa miaka michache tu, kuanzia 1916 hadi 1921, na utemi ukafutwa kisheria mwaka 1963. Lakini maelfu waliovuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 walituonyesha wenye mashamba mpakani jinsi neno moja juu ya ukoo wa mtu linavyoweza kumtoa katika nyumba aliyoijenga.

Kwa hiyo tamthilia hii ikichezwa katika shule ya Kasulu au Kibondo, tungeomba jambo moja. Mara nyingi Bibi hupewa mwanafunzi mchekeshaji, akapinda mgongo, akakohoa, ukumbi ukacheka, na tamthilia ikaharibika hapo hapo. Apewe mwanafunzi awezaye kuketi kimya. Aseme maneno yake polepole, bila hasira, kama bibi yeyote ampendaye mjukuu wake, ili watazamaji wajikute wamekwisha kumkubalia kabla hawajatambua anachosema juu ya Kitaru.