Kufunga Ziwa Tanganyika kwa Pamoja

Tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi, mlango wa mto Kalambo ulikuwa mwanzo wa mpaka ambao leo unatenganisha mkoa wa Rukwa na Zambia. Upande wa Kongo mpaka ulipita majini. Watu wa mwambao wa Ufipa, toka Kasanga hadi Kipili na Kirando, hawakuulizwa, na dagaa na migebuka waliendelea kuhama wakifuata chakula. Kwa hiyo nasema kwamba kilichodhoofisha zaidi sheria za uvuvi ziwani ni kalenda za kufunga uvuvi zisizolingana, kuliko hata uchache wa doria. Boti ya doria inayokamata nyavu za kokoro upande wetu lazima igeuze mpakani. Na kama ng'ambo uvuvi unaruhusiwa, samaki tuliyemwacha huvuliwa huko. Kongo ina asilimia 45 ya ziwa, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6: hakuna hata mmoja mwenye nusu. Mkataba wa nchi hizo nne ulitiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikaundwa Bujumbura mwaka 2008. Hata hivyo, ilikuwa 2024 ndipo Tanzania ilipofunga uvuvi katika maji yake kwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti. Miongo miwili, kwa kweli, ni mingi.

Wapo wanaosema hakuna haja ya kufunga, ziwa limekuwa likipumzika siku zote, kwa kuwa taa za wavuvi hazivuti dagaa wakati wa mbalamwezi. Ni kweli, lakini siku hizo chache hazitoshi makinda kukua. Pingamizi zito zaidi linatoka maabara: utafiti wa mashapo uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa samaki walianza kupungua maji yalipopata joto, kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Kwa nini basi aadhibiwe mvuvi? Kwa sababu maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, rutuba hubaki kilindini, na ziwa linalozalisha kidogo halivumilii kuvuliwa kama zamani. Pingamizi linalobaki ni njaa wakati wa kufunga. Mkulima wa Sumbawanga atakosa kitoweo tu, mahindi anayo. Mama anayeanika dagaa mwaloni hana ghala. Halmashauri za wilaya za Kalambo na Nkasi zimpangie mkopo na kazi mbadala kabla ya Mei, siyo baada ya nyavu kukamatwa.