Ubwari si kisiwa: matembezi yetu ya historia hapa Baraka



Wengi wetu tuliokulia Lugufu na Nyarugusu tulijua ziwa hili kutoka upande wa Kigoma. Tulisikia habari za mwembe wa Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na makumbusho yaliyojengwa hapo. Wachache tu walifika kuyaona, juu kutoka kambini kulihitaji kibali. Kisha, tangu Oktoba 2005, meli ya Mwongozo ikaanza kuturudisha Baraka. Tukashuka bandarini na mizigo yetu, kumbe hatukujua hata majina ya vijito vya kwetu. Ndiyo sababu tumeanza haya matembezi: vijana na wazee pamoja, kwa miguu, na daftari mkononi.

Tulianzia kando ya ziwa. Kwenye ramani, ghuba yetu inaitwa Ghuba ya Burton. Huyo Burton ni Mwingereza aliyepita na mitumbwi mwaka 1858 pamoja na mwenzake Speke, wakitoka Ujiji kwenda Uvira. Aliiona milima ya Ubwari, akaandika kwamba ni kisiwa. Hakufika mwisho wa ghuba aone namna Ubwari inavyoungana na nchi kavu. Mzee mmoja mvuvi alicheka mpaka akakaa chini: "Angeliuliza tu! Kila mutoto wa huku anajua Ubwari unafika na miguu." Tulicheka naye. Halafu tukajiuliza: na sisi tuliorudi, tumeuliza?

Mbele kidogo, mama mmoja alitunyooshea kidole kwenye maji. Nyumba ya kwao ilikuwa pale, akasema, mahali mitumbwi inafungwa sasa. Miaka hii ziwa limepanda na kubomolea watu nyumba, Uvira hadi huku kwetu, na vijana wengi wanadhani ni jambo jipya. Lakini mwaka 1874 msafiri Cameron alifika Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Huo ndio mto pekee unaotoa maji ya ziwa letu na kuyapeleka upande wa mto Kongo. Aliukuta umezibwa na majani na matope. Maji yaliendelea kupanda, hadi miaka michache baadaye kizuizi kikabomoka, na ziwa likashuka kwa mita nyingi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ukingo tunaougombania leo, mababu zetu waliwahi kuuona ukiwa chini ya maji. Anayerudi leo na kupewa parsele kando kando ya ziwa kwa bei rahisi, amuulize kwanza mzee maji yaliwahi kufika wapi.

Kituo cha tatu kilitushinda kidogo, na tunasema wazi kwamba kosa lilikuwa letu. Kijana mmoja alitupeleka kwenye michikichi iliyopandwa na babu yake kabla ya vita ya 1996. Hatukumwambia mapema mwenye kukaa pale, mtu ambaye hakukimbia. Alipoona kundi la watu wenye daftari, akadhani tumekuja kumpokonya shamba. Sauti zikapanda. Alidai baba yake alipewa pale na shefu, tena walilinda hiyo michikichi wakati wengine wako ng'ambo wanapokea mgao.

Mama yule wa ziwani ndiye aliyetuliza. Alisema babu ndiye alipanda, hilo analijua, juu alikuwa anakuja kununua mawese kwake. Na baba wa huyu bwana aliwekwa pale na shefu, hilo pia alilishuhudia. Hatukukata kesi, si kazi yetu. Tuliandika maneno yote mawili, ukurasa mmoja, tukawasomea wote wawili kwa sauti. Yule bwana akatuletea maji ya kunywa. Kesi bado iko kwa shefu, lakini sasa wanasalimiana.

Tulimalizia kwenye uwanja wa chama, na makumbusho yetu ya siku moja: meza mbili tu. Sisi tulileta kadi za mgao, kipande cha shitingi, bakuli la bati. Waliobaki walileta jembe lililoisha hadi kwenye mpini, na picha ya harusi iliyofukiwa ardhini ndani ya kopo miaka yote ya vita. Watu walisimama muda mrefu mbele ya ile picha. Tulizoea kuhesabu mateso ya kambini kama vile waliobaki walikuwa wamekaa raha. Ile siku, hakuna aliyesema hivyo tena.

Tumekubaliana kanuni tatu za matembezi yajayo. Shefu na wenye kukaa mahali wajulishwe kabla. Kila kundi liwe na aliyerudi na aliyebaki. Na kinachoandikwa kisomwe mbele ya wote kabla ya kufunga daftari. Mwenye kitu cha zamani nyumbani akilete, hata kama kimevunjika. Na mwenye mzee nyumbani amlete kwanza, juu kitu kitangoja, mzee hatangoja.